Juma Kaseja na Hukumu ya Majukwaa

Katika kazi zote ambazo mja hupewa azifanye mbele ya hadhara, sijui kama ipo yenye upweke kuliko ile ya mlinda mlango wa kandanda, ambaye amezungukwa na wenzake kumi na sauti za maelfu ya watazamaji, lakini saa ya msiba ikiwadia hubaki yeye na wavu wake tu. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara ya sita husifiwa usiku kucha. Mlinda mlango akiokoa mara tano na kufungwa mara ya sita, zile tano hufutika kana kwamba hazikuwahi kutukia, na ile ya sita hudumu vinywani mwa watu mwaka baada ya mwaka, ikiongezwa chumvi kila isimuliwapo.

Hapa Maruku, katika Bukoba Vijijini, ambako migomba na mibuni imesogea mpaka kutani mwa nyumba, na ambako kituo cha utafiti wa kilimo kimelifikisha jina la mahali petu kwa wataalamu wa ndizi wa nchi za mbali, jina la Juma Kaseja laweza kuvunja baraza. Mmoja husema nchi hii haijapata kuona mikono kama ile. Mwingine husema mikono ile ilikuwa na siku zake, na siku ilizozikataa ndizo zilizokuwa na maana. Ajabu ni kuwa wote wawili hutoa ushahidi wa michezo ile ile. Tena wote wawili ni watu wa Kagera, mkoa wenye timu yake wenyewe, Kagera Sugar, iliyotokana na kiwanda cha sukari cha Missenyi ambacho vita vya 1978 na 1979 vilikiharibu na baadaye kikafufuliwa; lakini ukiwauliza wao ni wa nani, hawatataja Kagera Sugar kwanza. Watakwambia Simba au Yanga. Simba au Yanga ikija Uwanja wa Kaitaba pale Bukoba mjini, karibu na ziwa, mwenyeji hugeuka mgeni nyumbani kwake, maana nyekundu au manjano hufunika majukwaa, na timu ya mkoa husalia na wafanyakazi wake na wazee wachache wenye msimamo. Jambo hili ni la kuliweka akilini, kwa sababu bila ya kulielewa hakuna awezaye kueleza kwa nini mtu mmoja aliweza kupendwa na kulaaniwa na watu wale wale.

Kaseja alizaliwa Kigoma mwaka 1985. Hakujaliwa kimo kirefu ambacho walimu wa mpira hupenda kukiona golini, na katika kazi ambayo lango lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44, upungufu huo si jambo la kupuuzwa. Aliyenyimwa urefu hulazimika kulipa kwa wepesi wa miguu, kwa kuusoma mchezo kabla haujafika, na kwa ujasiri wa kutoka langoni mapema, ujasiri ambao ukifaulu huitwa akili na usipofaulu huitwa wazimu. Alifika Simba akiwa bado kijana mbichi, na mwaka 2003, alipokuwa na umri wa miaka 18, likatokea jambo lililomfanya awe mtu wa taifa zima.

Mwaka huo Simba ilikutanishwa na Zamalek ya Misri, iliyokuwa imelitwaa kombe la klabu bingwa Afrika mwaka uliotangulia. Simba ilishinda nyumbani kwa bao 1-0, ikaenda Cairo ikafungwa 1-0, na hatima ya mashindano ikaangukia mikwaju ya penalti. Kocha wa Simba alikuwa James Siang'a wa Kenya, naye mwenyewe aliwahi kuwa mlinda mlango wa timu ya taifa lake, hivyo bila shaka alijua uzito wa mzigo aliokuwa akimtwisha kijana yule. Penalti hupigwa kutoka meta 11, na mpira uliopigwa sawasawa hufika wavuni kabla jicho halijamaliza kuuliza swali lake. Mlinda mlango akingoja mpaka aone unakwenda wapi, amechelewa, na akiruka mapema mno, mpigaji mwenye utulivu huusukuma upande wa pili. Kwa hiyo hutazama vitu vidogo: mguu wa kusimamia umeelekea wapi, nyonga imegeuka kiasi gani, macho ya mpigaji yanaiba upande gani. Na zaidi ya hayo humfanya mpigaji awe na shaka, kwa kusimama, kwa kutikisika, kwa kumtazama tu. Kaseja aliyafanya hayo mbele ya Waarabu wa Cairo waliokuwa wakipiga mayowe uwanja mzima, na Simba ikashinda mikwaju 3-2, ikamvua bingwa ubingwa wake nyumbani kwake, ikaingia hatua ya makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC ya Ivory Coast. Wako watu wazima hapa Bukoba ambao hawakumbuki mwaka waliooa, lakini wanakumbuka walipokuwa wameketi usiku ule wakisikiliza redio.

Baada ya kupanda hapo, mtu hana pengine pa kwenda ila kushuka au kubaki. Na kubaki juu katika mpira wa Tanzania si rahisi, kwa kuwa Simba na Yanga ni zaidi ya timu mbili. Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936, na tangu zama hizo undugu wa nyumba moja umegawanyika baina ya Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, kwa utani ambao mara nyingi hauna ubaya, lakini ambao huota meno siku ya mpambano. Mchezaji anayehama upande mmoja kwenda mwingine hukaribishwa kwa nderemo huku akipekuliwa kwa jicho la tahadhari. Kama ni mshambuliaji, dhana hiyo hufa akifunga bao la kwanza. Kama ni mlinda mlango haifi, kwa kuwa kazi yake haionekani katika wingi wa mabao bali katika uchache wake, na hakuna awezaye kuonyesha bao ambalo halikuingia. Ikiwa kipa amefungwa bao jepesi na mtani, wengi majukwaani hawaulizi amekosea wapi. Huuliza kitu kibaya zaidi, na walinda milango wengi wa pande zote mbili wameuonja uchungu wa swali hilo pasipo shahidi wala kithibitisho. Naliona swali hilo kuwa dhuluma. Mpira unaodunda juu ya nyasi zisizo sawa hauhitaji rushwa ili umpite mtu.

Mwaka 2008 Kaseja alihamia Yanga, na mwaka uliofuata akarejea Simba, iliyokuja kutwaa ubingwa wa msimu wa 2009/10 bila ya kufungwa mchezo wowote wa ligi. Lakini katika miaka hiyo hiyo lilikuwapo lango jingine ambalo hakuruhusiwa kulisimamia. Mbrazili Marcio Maximo, aliyeifundisha timu ya taifa, Taifa Stars, tangu 2006 hadi 2010, alimwacha nje ya kikosi, na kwa muda mrefu hakuna jambo la mpira lililozua mabishano nchini kama hilo. Mitaani zilisemwa sababu nyingi, nami sizirudii, kwa kuwa maneno ya mitaani yana miguu lakini hayana macho. Watazamaji waliliimba jina la Kaseja huku kipa mwingine akilinda lango, jambo ambalo lilikuwa tusi kwa yule aliyekuwapo na wala halikuwa heshima kwa yule asiyekuwapo.

Insafu yanitaka niseme jambo ambalo wapenzi wa Kaseja hawapendi kulisikia. Maximo hakushindwa bila yeye. Ni katika zama zake, akiwa na walinda milango wengine, Tanzania ilipofuzu kwenda Ivory Coast mwaka 2009 kwa mashindano ya kwanza ya bara hili ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao, na huko ikawafunga wenyeji bao 1-0. Mwalimu ana haki ya kuchagua, na haki hiyo haina maana ikiwa yampasa achague yule tu anayetakwa na jukwaa. Alipoondoka Maximo, akaja Jan Poulsen wa Denmark, naye akamrudisha Kaseja. Desemba 2010 timu ya Tanzania Bara ikatwaa Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati jijini Dar es Salaam, ikiitoa Uganda kwa penalti katika nusu fainali na kuifunga Ivory Coast, iliyokuwa mwalikwa, bao 1-0 katika fainali. Basi walimu wawili, na wote wawili walipata walichokitaka, mmoja kwa kumwacha na mwingine kwa kumtumia. Mtu atakaye kuitumia habari hii kuthibitisha kuwa mmoja wao alikuwa mpumbavu itambidi afumbe jicho moja.

Huenda msomaji akadhani kuwa haya ni maradhi yetu sisi tu. Sivyo. Huko alikotoka Maximo, mlinda mlango Moacir Barbosa alifungwa bao moja na Ghiggia wa Uruguay mnamo tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã, bao lililoinyima Brazil Kombe la Dunia nyumbani kwake, naye akabeba lawama hiyo mpaka alipofariki mwaka 2000, nusu karne nzima, kwa mpira mmoja uliopita kati ya mkono wake na mwamba wa lango. Na Wamarekani, ambao mchezo wao ni besiboli, wana mtu anayefanana na mlinda mlango kwa upweke: ni yule mrushaji asimamaye juu ya kichuguu katikati ya uwanja, ambaye kila mchezo huanza mkononi mwake na kila kushindwa huandikwa katika daftari kwa jina lake. Roger Clemens alikuwa miongoni mwa warushaji wakubwa kabisa, mwenye ushindi 354 na tuzo saba za mrushaji bora wa mwaka, tuzo ambazo hakuna mwingine aliyezifikia kwa idadi. Lakini mwezi Desemba 2007 jina lake likatajwa katika ripoti ya seneta wa zamani George Mitchell kuhusu dawa za kuongeza nguvu. Akakana mbele ya Bunge, akashtakiwa kuwa amesema uongo, na mwaka 2012 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Pamoja na hayo waandishi wa michezo waliokuwa na kura ya kumwingiza katika jumba la mashujaa wa mchezo huo walimnyima mwaka baada ya mwaka, mpaka muda wake mbele yao ukaisha mwaka 2022.

Namtaja Clemens kwa tofauti zaidi kuliko kwa mfano. Yeye alipata walau mahakama: mashtaka yaliyoandikwa, mashahidi walioapa, hukumu iliyosomwa, hata kama hukumu hiyo haikuwatosha waandishi. Mlinda mlango wetu halaumiwi kwa mashtaka yaliyoandikwa, kwa hiyo hana pa kuachiwa huru. Hukumu yake hutolewa majukwaani, hukatwa rufani Jumamosi ijayo, na hutolewa tena.

Hebu tutazame namna hukumu hiyo ilivyopinduka ndani ya miezi 20. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0, kipigo ambacho Jangwani hawakukisahau kwa urahisi. Mawili yalifungwa na Emmanuel Okwi wa Uganda. Matatu yalikuwa ya penalti, moja la Patrick Mafisango, aliyefariki kwa ajali ya gari kabla mwezi huo haujaisha, moja la Felix Sunzu, na moja la Juma Kaseja. Ndiyo, mlinda mlango aliacha lango lake, akautembea uwanja wote kutoka mwisho hadi mwisho, akaweka mpira chini, akamfunga mlinda mlango mwenzake. Msimbazi waliliona kuwa tamasha. Jangwani, dharau isiyo na kifani. Mwaka uliofuata Simba wakaachana naye mkataba wake ulipokwisha, na kufikia Novemba 2013 mtu yule yule alikuwa amesaini Yanga, na mashabiki waliotukanwa kwa mguu wake wakawa wanatakiwa wamshangilie kwa mikono yake. Tarehe 21 Desemba timu hizo zikakutana katika mchezo wa hisani ulioitwa Nani Mtani Jembe, Yanga ikafungwa 3-1 Kaseja akiwa langoni, na lawama zikamshukia kama mvua ya masika. Kocha wa Yanga, Mholanzi Ernie Brandts, akapoteza kazi baada ya mchezo huo, na lango likapewa Deogratius Munishi, aitwaye Dida. Kaseja akakaa benchi, kisha akatofautiana na klabu yake juu ya mkataba, kisha akawa hana timu.

Wengi walidhani habari imekwisha. Alipata hifadhi Mbeya City, na msimu wa 2017/18 akawa huku kwetu, Kagera Sugar, chini ya Mecky Maxime, ambaye naye aliwahi kuwa beki na nahodha wa Taifa Stars. Huku hakuna aliyemtazamia miujiza, na nadhani hilo lilimfaa. Timu za mikoani zina riziki ya aina yake: basi linalotembea mchana kutwa na usiku kucha hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300, hoteli ya bei nafuu, mchezo, na kurudi. Kosa la kipa husahauliwa kabla basi halijavuka Singida, maana Jumamosi ipo kosa jingine la mtu mwingine.

Hata Taifa Stars haikuwa imemfungia mlango. Mwaka 2019, alipokwisha kuwa KMC ya Kinondoni, Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyemjua kutoka klabu hiyo, alikabidhiwa timu ya taifa akamwita tena, akiwa na miaka 34. Mwezi Agosti Tanzania ikaitoa Kenya kwa penalti 4-1 jijini Nairobi baada ya sare mbili bila mabao. Mwezi Septemba ikakutana na Burundi katika kufuzu kwa Kombe la Dunia, sare ya 1-1 Bujumbura na nyingine ya 1-1 Dar es Salaam, ikashinda kwa penalti 3-0, Burundi wasipate hata mkwaju mmoja. Miaka 16 baada ya Cairo, kazi ilikuwa ile ile. Baadaye akaingia katika kufundisha.

Nimeiruka makusudi siku moja, kwa kuwa ni ya Kagera, na kwa kuwa hapa Maruku inazungumzwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mnamo tarehe 19 Mei 2018 Simba, iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa na haijafungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima, iliikaribisha Kagera Sugar katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Rais John Magufuli alikuwapo kuwakabidhi kombe. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya karamu, na Kagera Sugar ilialikwa kama waalikwavyo wapiga ngoma: wawepo, wasile. Dakika za mwisho mwisho Edward Christopher, kijana aliyelelewa na Simba yenyewe, akafunga bao la Kagera Sugar. Uwanja ukanyamaza, halafu ukapiga kelele, kwa kuwa Simba ilipewa penalti, na aliyeuweka mpira chini alikuwa Okwi, mfungaji bora wa ligi msimu huo.

Nawaomba wasomaji wasimame nasi hapo kidogo. Watu hawa wawili walijuana si kwa kutazamana toka mbali. Walivaa jezi nyekundu pamoja siku ya mabao matano. Walivaa jezi ya Yanga pamoja katika msimu ule wa Nani Mtani Jembe. Wote wawili walipita njia ile ile ya Msimbazi kwenda Jangwani na kuzomewa kwa ajili yake, na mmoja wao akarudi Msimbazi akasamehewa kwa mabao yake. Mazoezini, katika miaka hiyo yote, bila shaka mmoja alimpigia mwenzake mikwaju isiyohesabika. Kaseja alijua anachokipenda Okwi, na Okwi alijua kuwa Kaseja anajua, na katika kujuana kwa namna hiyo mpigaji ndiye mwenye taabu, kwa sababu yeye ndiye anayepaswa kuamua kwanza.

Okwi akapiga. Kaseja akaokoa.

Mchezo ukaisha 1-0, na kutofungwa kwa Simba kukakatika siku ile ile ya kukabidhiwa kombe, mbele ya Rais, ambaye alipowakabidhi hakuwaficha kuwa kwa mpira aliouona hawawezi kuchukua ubingwa wa Afrika. Huku Bukoba furaha haikuwa ya kawaida. Wapenzi wa Yanga walishangilia ushindi wa timu ya mkoa wao kama ambavyo hawakuwahi kuishangilia, na wapenzi wa Simba, ambao ni wana wa Kagera kama wao, walikuwa wakitafuta neno la kusema juu ya kipa waliyemwimba miaka mingi. Mzee mmoja wa Maruku, mtu wa Msimbazi tangu enzi Simba ikiitwa Sunderland, alisema jioni ile kuwa Kaseja amewasaliti. Alipoulizwa amewasaliti vipi akiwa mchezaji wa Kagera Sugar, alikaa kimya, akajaza kikombe chake rubisi, na hajajibu mpaka leo.

Muda mfupi baadaye Kaseja akaihama Kagera Sugar akaenda KMC. Okwi alipokea tuzo ya mfungaji bora kwa mabao 20; angekuwa na 21.